Bahasha ya Shukrani

Kila Jumapili, matangazo yakiisha, mzee wa kanisa husimama mbele na rundo la bahasha mkononi. Usharika wetu ni wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, nje kidogo ya mji wa Bukoba, na desturi hiyo nimeikuta tangu nasoma Shule ya Jumapili. Mzee huvaa miwani, husafisha koo, halafu huanza kusoma. Familia fulani inamshukuru Mungu kwa ulinzi wake. Ndugu fulani anamshukuru Mungu kwa mambo mengi aliyomtendea. Mama fulani anamshukuru Mungu kwa yote. Akina mama hupiga vigelegele, mpiga kinanda hugusa noti mbili tatu, kisha bahasha inayofuata.

Kwa miaka mingi mimi nami niliandika hivyohivyo: "Kwa mambo mengi aliyonitendea." Jina langu juu, noti ya elfu tano ndani. Sikuwa nadanganya. Niliamini kwa moyo wote kwamba Mungu amenitendea mengi, ila sikuwahi kukaa nikayatazama moja baada ya jingine. Kama mzee angeshusha miwani akaniuliza, "Mambo gani, mwalimu?", ningebaki nimeduwaa mbele ya kanisa zima.

Aliyenifundisha kuyatazama ni Bibi, mama mzaa baba.

Bibi aliokoka akiwa msichana, katika uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda na kuingia kwetu Buhaya, nchi ya Wahaya. Watu wa uamsho walikutana nyumba kwa nyumba. Waliungama dhambi zao waziwazi mbele ya wenzao, wakaita hilo kutembea nuruni, na kila ushuhuda ulipokwisha waliimba Tukutendereza Yesu, yaani "Tunakusifu Yesu". Waliuimba kwa Kiganda kilekile ulichokuja nacho, wawe Wahaya, wawe Wanyarwanda, wawe Wakikuyu kule Kenya. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alitoka katika uamsho huohuo, na Bibi alipenda kutuambia kwamba alimsikia akihubiri kwa masikio yake mwenyewe.

Lakini kilichobaki ndani yangu kutoka kwake ni sala ya saa kumi na moja alfajiri. Chumba chake na chumba tulicholala wajukuu vilitenganishwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo tulisikia kila neno. Bibi hakusema "asante kwa yote". Alitaja. "Bwana, nakushukuru kwa goti la kulia, usiku huu sikulisikia. Nakushukuru kwa mbuzi, amezaa bila kuhangaika. Nakushukuru kwa yule kijana wa pikipiki aliyekataa nauli yangu jana, mtazame. Nakushukuru kwa mgomba ulioangushwa na upepo, umeangukia njiani haukuvunja mti wa kahawa hata mmoja." Aliendelea hivyo hadi kukaanza kupambazuka. Tulipokuwa watoto tulicheka chini ya blanketi. Tulijua kuku akitaga mahali pazuri, kesho yake Mbinguni watapata habari.

Alitaja na yaliyomuumiza, vilevile kwa majina. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia mkoani kwetu Kagera katikati ya miaka ya 2000, na ulipofika kibanjani kwake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, aling'oa mashina zaidi ya thelathini kwa mikono yake. Asubuhi moja nilimsikia akisema, "Bwana, hili la migomba sijalielewa. Watoto watakula nini?" Akanyamaza kitambo. Kisha, kwa sauti ileile, akashukuru kwa mihogo ya jirani.

Mwezi Machi 2015 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa Jumanne alfajiri, akafariki Alhamisi kabla ya adhuhuri. Tulimzika kibanjani, karibu na mgomba ambao Bibi aliuchagua mwenyewe.

Waliokuja kunipa pole walikuja kwa upendo, sina shaka na hilo. Wengi waliniambia nitazaa mwingine. Wengine waliniambia nisilie sana. Na dada mmoja wa jumuiya yetu alinishika mikono, akanikumbusha andiko la 1 Wathesalonike 5: "Shukuruni kwa kila jambo." Akasema ni amri, na kwamba nikishukuru kwa kilichotokea nitapata amani. Nilijaribu. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikafungua kinywa nimshukuru Mungu kwa kifo cha mwanangu, na sauti haikutoka. Nikajiona mwasi. Juu ya msiba nikabeba na hatia.

Wiki ya sita nilirudi kwaya. Naimba sauti ya kwanza, na mwalimu wetu ni mtu wa nyimbo za shangwe, zile za matarumbeta na miguu. Niliimba zote. Nilipunga kitambaa cheupe pamoja na wenzangu, nikatabasamu pale tulipofundishwa kutabasamu. Watu walisema, "Tazama neema ya Mungu, amesimama tena." Nami nilikuwa mkavu kama gome. Sikumchukia Mungu. Sikuwa na neno la kumwambia tu, kwa hiyo nilimpa maneno ya wimbo, yaliyoandikwa na mtu mwingine kwa furaha ya mtu mwingine. Bahasha zangu nazo ziliendelea: kwa mambo mengi.

Krismasi ya mwaka ule nililala kwa Bibi. Alfajiri nikaamshwa na sauti yake, kama utotoni. Akashukuru kwa mvua, akashukuru kwa wajukuu waliofika salama kwa basi, akamtaja kila mmoja. Kisha akasema, "Na ninakushukuru kwa siku mbili za," akataja jina la mwanangu. Jina lenyewe siliandiki hapa. Alilitaja lote, jina la ubatizo na jina la nyumbani, taratibu, kama mtu anayemtambulisha mgeni.

Tangu mazishi sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwa mtu. Hata mume wangu na mimi tulikuwa tunasema "lile jambo".

Niliingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Nikamwambia, "Bibi, unawezaje kumshukuru Mungu kwa kifo cha mwanangu?" Alikuwa bado amepiga magoti, viwiko juu ya kitanda. Hakunikemea. Akasema, "Mjukuu wangu, kifo sijakitaja. Kifo nilimlilia Bwana siku ile, na bado namlilia. Nimeshukuru kwa siku mbili. Siku mbili alikuja kwetu. Nilimbeba, alinishika kidole hiki. Huyo nisimshukurie?"

Sikumjibu. Nilifunga begi nikaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo kwetu hufanyi kwa mkubwa wako, na niliporudi mjini nilijiambia amezeeka.

Kisha likaja tetemeko.

Wote wa Kagera tunaijua siku hiyo: Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri. Nilikuwa chumbani kwangu mjini nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Kwanza ulikuja mngurumo, nikadhani ni lori la mchanga linapita nyuma ya nyumba. Halafu meza ikaanza kutembea. Nilitoka pekupeku, kalamu nyekundu ingali mkononi, nikakuta mtaa mzima umesimama barabarani, watu wameshika vichwa, vumbi linapanda kutoka kila upande. Baadaye tuliambiwa ukubwa wake ulikuwa 5.9 katika kipimo cha Richter. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia walijeruhiwa, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata kufungwa. Lakini saa ile hakuna aliyejua kitu, na simu hazikupatikana.

Nilipanda pikipiki kwenda kijijini. Njiani nilikuwa nasali neno moja tu, "Bibi, Bibi, Bibi," hata sijui kama hiyo ilikuwa sala.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka chini ya mparachichi, kanga kichwani imejaa vumbi, Biblia pajani. Jiko lilikuwa limeanguka lote, limebaki rundo la matofali na vyungu. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umelala juu ya kitanda. Kama angekuwa amejipumzisha, kama alivyozoea saa zile, tungemfukua. Alikuwa ameenda rweya, kwenye mbuga ya nyasi nje ya kijiji, kukata nyasi za kutandaza kibanjani. "Shikamoo, Bibi," nikasema, maana sikupata neno lingine. Akaitikia marahaba, akaniambia nikae, akanifuta miguu kwa upande wa kanga. Ndipo nikaona kwamba nimefika pekupeku.

Usiku ule majirani wote tulilala nje. Ardhi iliendelea kutetemeka mara kwa mara, kidogo, na kila ikitetemeka watoto walilia, na mama mmoja alianzisha wimbo. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliimba kwa sauti ya chini kama watu wanaobembeleza mtoto. Kama saa kumi na moja Bibi akajiinua kwa fimbo yake, akapiga magoti palepale mkekani, mbele ya watu, akaanza.

"Bwana, umetutisha. Nyumba aliyoijenga mume wangu imeanguka, nami ni mzee, sijui nitalala wapi mvua zikianza. Nakuambia kwa sababu ni wewe wa kuambiwa." Akapumua. "Nakushukuru kwa nyasi. Nyasi zimeniita nikaenda. Nakushukuru kwa mparachichi huu alioupanda baba mkwe wangu, leo umekuwa paa. Nakushukuru kwa mtoto wa jirani, njaa ilimwamsha akatoka nje kumfuata mama yake kabla ukuta haujaanguka. Nakushukuru kwa mjukuu wangu aliyekuja bila viatu." Na majirani, mmoja mmoja, wakaanza kuitikia "Ee Bwana", na wao wakaanza kutaja. Mmoja akataja ng'ombe. Mmoja akataja simu iliyopata mtandao akasikia sauti ya mwanawe aliyeko mjini. Mzee mmoja, mkali sana, ambaye sijawahi kumsikia akisali hadharani, akashukuru kwa ndoo ya maji ambayo mkewe alikuwa ameiacha nje.

Bibi akamalizia na siku mbili za mwanangu. Safari hii nililitaja jina pamoja naye. Nililitaja kimoyomoyo, midomo ikitikisika tu, lakini nililitaja, na machozi yaliyotoka hayakuwa yale ya mwaka mzima. Sijui niyaeleze vipi. Nilikuwa nimekaa katikati ya vifusi, nimechoka, naogopa, na kifuani kumefunguka mahali palipokuwa pamezibwa. Nilimwona mtoto wangu tena, uso wake, nywele zake zilizolowa. Kwa mwaka na nusu nilikuwa nimeona jeneza tu.

Jumapili ile hatukuruhusiwa kuingia kanisani, kuta zilikuwa na nyufa unazoweza kupitisha mkono. Tuliabudu nje, wazee kwenye viti vya kuazima, sisi wengine majanini. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Mzee mmoja wa kanisa aliingia haraka kuchukua kikombe na sahani, akatoka navyo vikiwa vimefunikwa na unga mweupe wa plasta, na mchungaji akavifuta mbele yetu kwa kitambaa, polepole, hadi kikombe kikang'aa. Kisha akatuita tuinue mioyo, tumshukuru Bwana, nasi tukaitikia kwamba ni vema na haki. Maneno hayo nilikuwa nimeyaitikia maisha yangu yote. Siku ile niliyasikia. Kanisa halikungoja nyumba zijengwe ndipo liyaseme.

Na mchungaji alipofika pale pa usiku ule aliotolewa Bwana Yesu, alitwaa mkate, naye akisha kushukuru akaumega, nikashika mdomo. Usiku ule aliotolewa! Saa chache kabla, anajua kinachokuja, na anashukuru. Lakini anashukuru kwa nini? Ana mkate mkononi, anashukuru kwa mkate. Hakushukuru kwa usaliti wa Yuda. Na alipofika Gethsemane hakushukuru kwa kikombe cha mateso, aliomba kimwepuke, akaomba hadi jasho lake likawa kama matone ya damu. Usiku mmoja, Bwana mmoja, anashukuru kwa mkate na kulilia kikombe, na hakuna kati ya hizo mbili iliyokuwa dhambi. Bibi hakuwa amezeeka. Bibi alikuwa anasali kama Bwana wake.

Wiki kadhaa baadaye nilimweleza mchungaji habari ya lile andiko lililonifunga. Akanieleza kwamba katika Kigiriki alichoandika Paulo, neno lililoko pale lina maana ya "katika": katika kila jambo shukuruni. Tofauti ya neno dogo hivyo, na mimi ilikuwa imenilaza chini mwaka mzima. Katika msiba kuna kitu cha kushukuria, utakitafuta na utakipata, huenda ni kidole kilichoshikwa tu. Msiba wenyewe unaruhusiwa kuulilia. Mchungaji akanionyesha pia kwamba jina la kale la Meza ya Bwana, ekaristi, kwa Kigiriki maana yake ni shukrani, na kwamba Paulo aliwaandikia Wafilipi wafurahi katika Bwana sikuzote akiwa kifungoni, na katika sura ileile akawaambia haja zao zijulikane na Mungu, kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru. Ombi na shukrani ameviweka ndani ya sentensi moja. Mimi nilikuwa nimevitenganisha, nikadhani anayeomba akilia bado hajafika kwenye imani ya anayeshukuru.

Nikaanza daftari. Ni daftari la kawaida la mwanafunzi, la kurasa arobaini na nane. Kila usiku niliandika mambo matatu, na nilijiwekea sharti: maneno "mengi" na "yote" hayaingii humo. Ukurasa wa kwanza ninao hadi leo. Umeandikwa: mwanafunzi aliyenirudishia kalamu nyekundu niliyoiangusha barabarani siku ya tetemeko; viazi vya mama mwenye nyumba; mume wangu amelitaja jina.

Kulikuwa na siku nilizoshindwa. Siku nyingine niliandika jambo moja nikalala. Mwezi Novemba, senene, wale panzi tunaowala, walipokuja na mji mzima ukawa mchangamfu, watu wanawafukuza kwenye taa usiku kucha, mimi nilikuwa na huzuni ambayo sikuijua imetoka wapi, na daftari lina kurasa tano tupu. Sikuzijaza baadaye. Niliziacha kwa sababu nazo ni kweli.

Ila kilichonishangaza ni furaha. Sikuitafuta. Nilikuwa natafuta vitu vya kuandika, basi, na kwa kuvitafuta nikaanza kuviona vikiwa bado vinatokea. Mtoto darasani anaelewa sehemu za desimali, uso wake unabadilika, na ndani yangu kitu kinasema "hili la leo". Nikitoka hapo natembea kwa wepesi. Siku moja ya mazoezi ya kwaya, mwezi wa kumi na mbili, tulikuwa tunajifunza wimbo wa Krismasi, sauti ya nne ikaingia vizuri kwa mara ya kwanza, wale kaka watatu wa nyuma wanaosumbuliwa na noti kila wiki, na nikajikuta nacheka huku naimba. Hakuna aliyetuambia tutabasamu. Kitambaa cheupe kilikuwa ndani ya mkoba. Nilipofika nyumbani niliandika: sauti ya nne.

Naipenda ibada yenye shangwe. Naipenda ngoma, matarumbeta, vigelegele, na wale akina mama wanaotoka kwenye viti vyao wakicheza hadi madhabahuni kutoa sadaka. Zaburi ya 100 inatuita tumwendee Bwana kwa kuimba, na Mhaya akiimba amekaa tuli ameonewa. Ninachowaomba wanaoongoza sifa ni hiki kimoja. Mnaposimama na kipaza sauti mkasema, "Mbona hamjachangamka? Anayempenda Yesu apige kelele!", kumbukeni kwamba kwenye benchi la nne yupo mtu aliyezika juzi. Atapiga kelele, maana anampenda Yesu kweli. Halafu atarudi nyumbani akiwa mpweke kuliko alivyokuja. Mpeni nafasi ataje. Wale wakoma kumi wa Luka 17, mmoja tu ndiye aliyerudi, naye alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, kwa sababu alikuwa amejitazama ngozi yake akaona. Luka anasema hivyo: alipoona kwamba amepona, alirudi. Sauti kuu ilikuja baada ya kuona.

Sikukuu ya Mavuno tuliifanya mwezi Februari 2017, maharage ya vuli yakiwa yamepurwa. Kanisa lilikuwa limefungwa upande mmoja kwa mbao, tukabanana upande wa pili. Watu walileta walichonacho: mikungu ya ndizi, maharage kwenye vikapu, kahawa, kuku waliofungwa miguu, miwa, nanasi. Waajiriwa kwa kawaida huleta bahasha, nami nilikuwa na bahasha. Lakini nilikuwa na boga pia. Lilikuwa limeota lenyewe kwenye kifusi cha jiko la Bibi, mbegu zilizokuwa ndani ya chungu kilichovunjika zilipata majivu na mvua, zikatambaa juu ya matofali hadi yote yakafunikwa kwa majani. Bibi alikuwa tayari anapikia kwenye banda la mabati upande wa pili. Alikataa kifusi kiondolewe mpaka maboga yakomae. Lile kubwa kuliko yote alinibebesha mimi.

Mzee wa kanisa akafika kwenye bahasha yangu. Akasoma jina langu, akasoma, "anamshukuru Mungu kwa", akasita. Akaivuta miwani. Akasoma tena mwanzo, taratibu: "anamshukuru Mungu kwa siku mbili za mtoto wake," kisha majina yote mawili, kama nilivyoyaandika, "na kwa boga."

Hapakuwa na kigelegele. Kanisa lilinyamaza, nikasikia kuku mmoja akipapatika sakafuni. Mume wangu alikuwa upande wa wanaume, ameinamisha kichwa. Kisha kutoka benchi la mbele, kwa sauti nyembamba ya kizee, Bibi akaanza Tukutendereza, peke yake kwa mstari mzima, halafu wazee wengine, halafu sisi sote. Niliimba sauti ya kwanza. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kwamba nilikuwa na furaha, na kwamba ilikuwa yangu.

Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada. Kwetu mnada wa mavuno ni sehemu ya ibada, wala hakuna anayewahi nyumbani. Yai moja laweza kuuzwa mara sita, kila anayelinunua anasema "liuzwe tena", na fedha inaingia sadakani. Boga langu lilianza kwa elfu moja. Kijana wa kwaya ya vijana akalichukua kwa elfu nne, akalirudisha. Mwinjilisti akalichukua kwa elfu saba, akalirudisha. Likazunguka hivyo hadi mama mmoja wa makamo akatoa elfu kumi na mbili, akalikumbatia, hakulirudisha. Namfahamu kwa sura tu, huwa anakaa nyuma, karibu na mlango.

Alinifuata chini ya mti nilipokuwa namshikia Bibi fimbo. Akamwamkia Bibi, kisha akanigeukia mimi. Akasema, "Wangu alikaa saa sita. Ni mwaka 1998." Akaangalia boga, akalisogeza begani. Akanitajia jina.

Tulikuwa hatujui la kusema, ndipo Bibi akamwita kijana wa mnada alete panga. Boga tuliligawa palepale nje, nusu yake na nusu yetu, na yule mama akakunja mbegu zote kwenye ncha ya kanga yake akazifunga fundo.